Mwaka Niliopisha Kikombe

Kama leo umeketi kwenye benchi la wagonjwa wa kifua, umeambiwa jina la ugonjwa wako kwa sauti ya chini, na jambo la kwanza ulilofikiri ni namna ya kulizuia jina hilo lisifike nyumbani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi sasa ni mzima. Daktari ameitazama picha yangu ya mwisho kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia niende zangu. Habari za dawa sitaeleza, wanaozijua wapo. Nitaeleza benchi, nyumba yangu, na kosa nililofanya.

Kazi yangu ni kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa, karibu na bandari. Kutwa nasimama mbele ya sanduku la herufi za risasi, naokota moja moja, naziweka mstari. Kazi hii humzoeza mtu kuona kitu kidogo kilichokaa pasipo pake. Mwanzo wa mvua za vuli nilikuwa napanga kadi ya harusi, nikakohoa, nikajifuta kwa kitambaa cha wino. Kitambaa kile siku zote kilikuwa na weusi tu. Siku ile niliona wekundu.

Daktari alinipima siku tatu, kisha akaniita ndani. Alisema nina kifua kikuu, lakini kimewahiwa. Hospitali ya ugonjwa huu iko mbali, kaskazini, na kitanda kingengojewa miezi mingi, kwa hiyo ningetibiwa hapa hapa mjini. Akachukua kalamu.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Watoto?"

"Wawili."

"Walete wote tuwapime."

"Wako Masasi," nikasema.

Nilijibu upesi hata nikajishangaa. Wakati ule mke wangu Perpetua alikuwa Mtaa wa Mchikichi, mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, na bila shaka alikuwa anachagua mchele. Blandina, binti yetu wa miaka sita, alikuwa naye, pamoja na Hilari ambaye alikuwa hajatimiza miwili.

Sitafuti kujitetea, lakini nitasema kwa nini. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huo huo, kule kwetu Masasi, nikiwa mtoto. Walichoma mkeka wake, bakuli lake na kigoda chake. Waliokuja kuzika walisimama mbali na kaburi. Dada yangu mkubwa aliposwa mara mbili, na mara zote mbili posa ilirudi, kwa kuwa watu walisema nyumba ile ina kifua. Nilipolisikia jina lile kwa daktari nilimwona Blandina akiwa msichana mkubwa, na wageni wake wa posa wakigeukia njiani.

Basi nikaamua nitapona kimya kimya.

Kuhusu matibabu nilikuwa mtiifu sana. Dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari aliyetudunga sindano, mtu mpole mwenye miwani, alinipa masharti manne: funika mdomo ukikohoa, temea kwenye mkebe wenye kifuniko, lala karibu na dirisha lililo wazi, usitumie kikombe kimoja na mtu mwingine. Niliyashika yote manne, na mkebe niliuficha kwenye mfuko wangu wa kazi. Nilinunua kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, nikakitundika kwenye msumari wake. Nilihama kitandani nikalala kwenye mkeka chini ya dirisha, nikasema joto. Hilari sikumpakata tena. Akinijia na mikono juu nilijifanya nina haraka.

Sindano ilikuwa kila siku kwa miezi mitatu, kisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dresa alikubali kutungoja sisi watu wa kazi hadi saa kumi na moja jioni, jambo ambalo halikuwa wajibu wake. Kwenye benchi nilikaa karibu na Mzee Chande, mpagazi wa bandarini, mtu wa kifua kipana ambacho sasa kilikuwa kimebaki mbavu. Yeye alikuwa na maneno mengi.

"Bwana Edmundi, usilalie upande uliodungwa jana."

"Nitajuaje?"

"Utajua ukiulalia."

Mwili ulibadilika. Mkanda wangu niliutoboa matundu mawili mapya. Masikio yalilia kama nyenze wa porini, na jioni nilipotembea kutoka zahanati nilipepesuka, nikashika kuta za maduka. Dawa za kumeza zilinichafua tumbo mpaka nilipojifunza kutanguliza uji. Nyama za makalio ziliota mafundo, kukaa kukawa kazi. Na mwili mzima ulinukia spiriti.

Sharti la nne ndilo lililonifikisha kwenye shida. Kanisani kwetu Komunyo hupokewa kwa mkate na kwa kikombe, na kikombe ni kimoja. Padre hukipitisha kutoka mdomo hadi mdomo, akifuta ukingo kwa kitambaa. Wanaume huketi kulia, wanawake kushoto, na wanaume hutangulia altareni. Jumapili ya kwanza baada ya kujua hali yangu, nilifikiria midomo yote itakayofuata baada ya wangu. Nikabaki kwenye benchi.

Kwa msomaji asiye wa kanisa letu lazima nieleze. Mtu mzima aliyebatizwa, mwenye ndoa ya kanisani, akibaki kwenye benchi wenzake wanapokwenda Komunyo, watu huelewa jambo moja tu: ametengwa, au anajua mwenyewe kwa nini angestahili kutengwa. Na akiwa mwanamume, hawahangaiki kutafuta kosa lenyewe. Ni mwanamke.

Nilibaki Jumapili ya pili, na ya tatu. Krismasi nilibaki. Jumapili moja ya Kwaresima Padre alihubiri juu ya uzinzi, nami nilikuwa nimedungwa pande zote mbili wiki ile, sikuweza kutulia. Nilijisogeza huku na huku hotuba nzima. Nyuma yangu alikuwa Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, ambaye macho yake hayapitwi na kitu.

Alikuja nyumbani Jumanne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Edmundi, nimekuja kama baba yako. Una neno lolote?"

"Sina neno, mzee."

"Pasaka inakaribia. Mtu asiyepokea Pasaka hutakiwa kueleza."

"Nimesikia."

Aligeuka kumtazama Perpetua, aliyekuwa anasonga ugali bila kuinua uso, kisha akaondoka. Uji wa asubuhi iliyofuata ulikuwa hauna chumvi, na asubuhi zote zilizofuata vilevile.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, mpika vitumbua. Chumba chetu kilipakana na chake, na uani alipopikia kila neno lilisikika. Nilimsikia nikiwa bafuni.

"Mwanangu, mumeo anakonda, lakini shati kila siku limepigwa pasi. Anampigia nani pasi hiyo?"

"Bi Tatu, sitaki."

"Hutaki nini? Siku tatu kila wiki, siku zile zile, anarudi jua linazama, anayumba. Kanywa? Mdomo haunuki pombe. Ananukia dawa ya kupaka. Kuna mwanamke pale, tena mwanamke mwenye maradhi!"

Nilisimama na kopo la maji mkononi. Ningetoka na kusema neno moja, yote yangekwisha. Nikajimwagia maji.

Pasaka ilikuja na mvua za masika. Nilibaki kwenye benchi. Watu waliorudi kutoka altareni walipita mbele yangu, na kila mmoja aliangalia viatu vyake. Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja bila kugusana. Perpetua alivua kanga ya kanisani, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku la mbao tulilokuja nalo kutoka kusini. Kisha akakunja gauni la Blandina, nalo akaliweka humo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Meli ya kusini inaondoka Jumamosi."

"Mama Blandina, sina mwanamke."

"Sijakuuliza," akasema.

Jumatano nilikwenda zahanati kama kawaida. Mvua ilikuwa imekatika, Mnazi Mmoja kulikuwa na madimbwi, watu wakiyaruka na viatu mkononi. Sikuangalia nyuma. Nilifika, nikamsalimu Mzee Chande, nikakaa kwa upande mmoja. Benchi lilikuwa limejaa, kila mtu na mkebe wake magotini.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Perpetua aliingia, matope hadi kwenye magoti, Hilari mgongoni. Nyuma yake Bi Tatu, buibui lake amelikusanya mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mwiko. Mpaka leo sijui alikusudia kumpiga nani.

"Yuko wapi?" Perpetua akasema.

"Nani?"

"Huyo mwanamke wako!"

Wakati huo huo pazia la chumba cha ndani likafunguka. Dresa siku ile alikuwa likizo, na badala yake alikuwapo nesi, msichana mzuri wa sura, kofia nyeupe kichwani. Akaita kwa sauti iliyofika barabarani:

"Bwana Edmundi! Njoo ulale, teremsha suruali. Leo zamu ya kushoto."

Bi Tatu akainua mwiko. "Ndiye huyu?"

Mzee Chande alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika mkebe. Kile kikohozi ndicho kilichomfanya Perpetua atazame. Alitazama ule mkebe, akatazama benchi zima, mtu mmoja mmoja, na mikebe yao. Mwishowe akautazama wangu. Na sindano ilikuwa mkononi mwa nesi.

Perpetua aliketi sakafuni, palepale mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Na watoto?"

Nikakaza kifuniko cha mkebe wangu. Nesi alikuwa amefungua daftari. "Bwana Edmundi," akasema polepole, "hapa imeandikwa mkeo yuko Masasi."

Nimesikia maneno mengi makali maishani, kazini na kwingineko. Hakuna lililonikata kama alilosema Perpetua pale sakafuni, bila kupaza sauti, huku akimfungua Hilari mgongoni na kumpa Bi Tatu amsogeze mbali nami.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza. Wewe umelala na kitu hiki chumba kimoja na wanangu, ukanyamaza."

Nikaingia nikadungwa. Nilipotoka walikuwa wameshaondoka.

Nitasema sasa lililo zito kuliko yote katika habari hii, kwa kuwa wewe uliyeketi kwenye benchi unaweza kuwa unalifanya leo. Nilidhani namlinda mke wangu na watoto kwa kikombe cha pembeni na mkeka wa dirishani. Kweli nilikuwa nalinda jina langu na heshima ya nyumba. Watoto nilikuwa nimewaacha miezi mitano bila kupimwa.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikawaongoza wote watatu kwa daktari. Wao walitembea mbele, mimi nyuma. Walipigwa picha za kifua, walidungwa mikononi, Blandina akalia. Daktari alinitazama kwa muda mrefu lakini hakunitukana, na hiyo ni rehema moja ninayoikumbuka. Alisema majibu yatatoka baada ya siku sita, na mpaka hapo hakuna wa kusafiri.

Jumamosi meli ya kusini iliondoka. Honi yake ilifika mpaka kiwandani. Niliweka herufi chini, nikangoja inyamaze.

Siku zile sita Perpetua na watoto walilala chumbani kwa Bi Tatu. Nilikuwa nangoja kufukuzwa. Bi Tatu alinijia uani akiwa na ungo wake.

"Edmundi mwanangu, ulidhani nitakutupia vyombo nje?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Marehemu mume wangu aliugulia humu humu miaka miwili. Utahamia chumba cha mwisho, kina madirisha mawili. Na ule mwiko usimwambie mtu."

Kusali sikuweza. Nilikaa chumba cha mwisho na Kitabu cha Sala mapajani, kimefungwa. Ningemwambia nini Mungu? Kila nilipoanza, sauti niliyoisikia ni ile ya kwangu mwenyewe ikisema, "Wako Masasi." Siku ya nne nilikwenda kwa Padre kuungama.

Padre wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa kusini kama mimi. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio. Nilipofika kwenye kikombe alinikatiza.

"Kwa nini hukupokea mwishoni, baada ya watu wote?"

"Nilifikiri, Padre. Lakini baada ya watu wote anabaki wewe. Wewe ndiwe unayemaliza kilichobaki."

"Kwa hiyo ulikuwa unanihurumia mimi."

"Na wewe pia."

"Mkate peke yake unatosha, Edmundi. Mgonjwa hupewa mkate tu, na hapungukiwi na kitu. Jambo hili lina miaka mingi kuliko kanisa hili. Ungeniuliza." Akajifuta macho, na sikujua kama analia au anacheka. "Wazee wangu wamekwisha kukuoza mwanamke wa pili. Wengine wanasema anakaa Ilala."

Akanisamehe kwa jina la Bwana, na kitubio alichonipa hakikuwa zaburi. Aliniambia nirudi nyumbani, nisimkimbie Hilari tena, nimpe nafasi ya kunikasirikia.

Majibu yalitoka siku ya sita. Tulikaa benchi moja, Perpetua mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, watoto katikati. Daktari alitoka mwenyewe mlangoni. "Wazima," akasema. "Wote watatu." Perpetua alifunika uso kwa ncha ya kanga. Blandina akauliza kama sasa wanaweza kwenda kununua machungwa sokoni, maana aliahidiwa. Tukaenda. Soko la Kariakoo lilikuwa limejaa matope na kelele, na Perpetua aligombana na muuza machungwa kwa furaha ambayo sijamwona nayo tena. Akamenya moja, akalikata nusu, akanipa nusu yangu akiiweka kwenye kiganja bila kunigusa. Nilielewa kwamba hajanisamehe, na kwamba hatasafiri.

Miezi iliyofuata ilikwenda kwa sindano, kisha kwa vidonge tu. Kipupwe kilikuja na upepo wa baridi ya asubuhi, nikaanza kuhisi njaa kama mtu. Tundu moja la mkanda nikaliacha. Hilari alinikasirikia wiki mbili, kisha akasahau. Mzee Chande alimaliza dawa kabla yangu. Siku yake ya mwisho aliniachia nafasi yake ya ukutani, akisema ameipasha moto. Mzee Barnaba alikuja na papai, akalitua mezani, akazungumza habari za mvua tu, akaenda.

Kila Jumapili nilipiga magoti altareni, nikapokea mkate, na kikombe kilipofika nilitikisa kichwa nikakipisha. Nikarudi mahali pangu, nikafunika uso kwa viganja mpaka Misa iendelee, kama ilivyo desturi yetu. Mimi na Perpetua tulianza kuzungumza tena, kwanza habari za chumvi na mkaa, baadaye habari nyingine. Aliacha kufua vitambaa vya altare, kazi aliyoipenda sana. Nilipomuuliza alisema ni zamu ya wengine.

Mvua za vuli zikaja tena, zikapita, na masika nyingine nayo. Ndipo daktari aliposhika ile picha ya mwisho dirishani. Kutoka kwake nilikwenda moja kwa moja kwa Padre kumwambia kwamba nimeruhusiwa kikombe. Alifurahi, akanibariki. Nilipokuwa mlangoni akaniita.

"Mwambie na Mama Blandina. Naye sasa anywe."

"Anywe nini, Padre?"

Alinitazama. "Hujui? Tangu Jumapili ile uliyorudi altareni, mkeo naye anapokea mkate peke yake. Kikombe kikifika anatikisa kichwa. Nilidhani mmekubaliana."

Nilitembea hadi Mchikichi nikipanga mambo kichwani. Wanaume hutangulia. Mimi nilikuwa nimefunika uso. Mwaka mzima mke wangu alikuwa amekipisha kikombe mbele ya wanawake wote, na wanawake hawakuwa wameambiwa sababu, kama ambavyo hawakuambiwa yangu. Nikakumbuka vitambaa vya altare.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia habari ya picha kwanza. Akaweka ungo chini, akasema "Asante Mungu" mara tatu, akauchukua tena. Ndipo nikamuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulidhani wewe peke yako unajua kunyamaza?"

"Walikusema?"

"Walisema." Akapuliza pumba. "Walipokusema wewe, Baba Blandina, nilikuwa nimekaa palepale, nami nikawasadiki. Nikaona na mimi nisemwe kidogo."

Kikombe changu chenye ukingo wa buluu kilikuwa bado kwenye msumari. Akakitazama, akanyoosha mkono, akakitumbukiza kwenye beseni pamoja na vyombo vya watu wengine.

Jumapili ile nilikunywa. Divai ilikuwa chachu kama nilivyoikumbuka. Nikarudi mahali pangu, nikapiga magoti, lakini sikufunika uso. Niligeuza kichwa upande wa kushoto na kungoja zamu yake ifike. Nyuma yangu Mzee Barnaba aliniona nikiwakodolea macho wanawake katikati ya Misa, akakohoa kunionya. Sikugeuka.